Tulivyomponya Utachoka

Harufu ya wali unaochemka bila chumvi huwa inanikuta sina ulinzi. Wiki iliyopita mbwa wangu, niliyemnunua kwa sababu majirani wote wa mtaani wana mbwa na mimi sipendi kuachwa nyuma, alitapika juu ya kitabu nilichokuwa nimekiacha sakafuni. Kijana wa zahanati ya mifugo akanieleza kwa simu, kwa sauti ya mtu anayemfundisha bibi yake kuwasha redio: asile kitu siku nzima, apewe maji kidogo kidogo, kesho yake achemshiwe wali laini usiotiwa chochote. Nikamwambia najua. Akauliza kama nimesomea. Nimesomea mambo mengine kabisa, kwa miaka mingi na kwa fedha za umma, lakini hilo la mbwa nilifundishwa nyumbani nikiwa na miaka kumi, na katika yote niliyowahi kufundishwa ndilo pekee ambalo sijawahi kulikosea.

Kwetu ni karibu na Mukuju, mashariki mwa Uganda. Baba alikuwa anasimamia wapakuaji wa malori mpakani Busia, na nyumbani alikuja mwisho wa juma. Mama, mke wake wa kwanza, alizaa wasichana watatu. Wawili walikuwa shule za bweni, na mimi kitinda mimba nilibaki naye. Halafu Baba akaleta mke wa pili kutoka upande wa Kenya, Msamia mwenye mwanya na kicheko cha haraka. Tulimwita Mama Mdogo. Hata mwaka haukwisha akamzaa Okoth, mvulana, na tangu siku hiyo Mama akaanza kufagia ua kwa nguvu ambayo ua haukuihitaji.

Majiko yao yalitazamana. Mama Mdogo hakujua Kidhopadhola chetu, Mama hakujua Kisamia, kwa hiyo walilazimika kuchukiana kwa Kiswahili, tena kile cha mpakani, cha kuulizia bei ya sabuni na vitunguu. Lugha ya namna hiyo haitoshi kumtukana mke mwenza jinsi anavyostahili. Mama akapata njia, ile ya kwetu ya siku zote: akampa mbwa jina. Alimwita Utachoka. Kila alipotaka kumpa makombo alisimama mlangoni, akageukia jiko la pili na kuita, "Utachoka, Utachoka, kuja kula." Baada ya wiki mbili Mama Mdogo akanunua jogoo, akamwita Bado. Mimi niliona ni mchezo mzuri sana. Nilidhani watu wazima nao wana michezo yao, na kwamba jioni, tukishalala, hukaa pamoja na kucheka.

Wa rika langu, mliokulia pande zile, mtakumbuka jinsi watu walivyoogopa kulishwa. Chakula kutoka jiko usiloliamini hukikatai, maana kukataa ni kumwita mwenzako mchawi, wala hukili, maana hiyo ni kuwa mjinga. Unashukuru, unakiingiza ndani, unammegea mbwa tonge la kwanza lililochovywa vizuri kwenye mboga, kisha unangoja. Mama alisema unangoja mpaka midomo ya mbwa ikauke. Kwa hiyo kila Mama Mdogo alipotuletea bakuli, Utachoka ndiye aliyekula kwanza, nasi tulimkodolea macho kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani. Kila mara alifaulu. Alilamba midomo, akatikisa mkia, akaomba tonge la pili.

Siku yenyewe, Alhamisi, ilianza na mayai. Kuku wa Mama alikuwa ameatamia wakati wa mvua za radi, na radi, kama mnavyojua, huua mayai. Vilitoka vifaranga vitatu, yakabaki mayai manane. Asubuhi Mama aliyatikisa moja moja sikioni, akayapanga kwenye ungo na kuniambia, "Athieno, haya ni viza. Katupe chooni. Chooni ndani kabisa, umenielewa? Mbwa asiyaone. Mbwa akionja yai hafugiki tena."

Hilo nalo kila mtu alilijua. Mbwa aliyeonja yai huanza kuvizia viota, na dawa yake ilikuwa moja tu: alifungwa kamba akapelekwa kichakani, na watu wakarudi na kamba. Lakini choo chetu kilikuwa cha shimo, mbao zake zilikuwa zimelegea, na mimi niliamini kuna kitu humo chini kinachonisubiri. Utachoka alinifuata nyuma ya ghala la wimbi. Nikaweka ungo chini. Yai la kwanza lilipasuka kwa mlio mdogo kama mtu anayetema, harufu ikanipanda mpaka machoni. Yeye hakujali harufu. Alikula yote manane, na maganda, na vifaranga ambavyo havijakuwa vifaranga, vyenye manyoya yaliyolowa. Nikapangusa ungo kwa majani na kurudi nikiimba wimbo wa kanisani. Tayari nilikuwa na kipaji cha kujionyesha mwema.

Adhuhuri Mama Mdogo alituletea ugali wa wimbi na majani ya kunde yaliyoungwa kwa simsim. Okoth alikuwa mgongoni kwake, ana ute wa simsim kidevuni. Mama akashukuru, akaingiza bakuli ndani, akamega tonge. Utachoka alilitazama kidogo, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, kisha akala kwa adabu tu. Tukangoja. Midomo haikukauka. Ilijaa povu. Akazunguka mara mbili, akatoka mbio kuelekea nyuma ya ghala, na tukasikia akitapika kwa sauti ya kitambaa kizito kinachochanwa.

"Kaa hapa," Mama aliniambia. "Usitoke."

Akachukua ufagio, koleo na debe la majivu, akaenda. Nilikaa. Nilisikia koleo likikwaruza ardhi, kisha mlango wa choo, kisha ufagio tena. Ni baada ya kumaliza ndipo alipotoka katikati ya ua, akaweka mikono kichwani na kupiga ukunga, ule mrefu wa msiba, mpaka majirani wakaja na majembe mikononi. Mimi niliona jambo moja tu katika mpangilio huo: kwamba Mama ni mtu wa usafi.

"Yeye nataka kumaliza sisi," aliwaambia kwa Kiswahili, ili Mama Mdogo asikose hata neno. "Mimi na mtoto yangu. Hii mbwa ndio imesaidia."

Mama Mdogo alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Dada mkubwa, mboga ni ile ile. Nimekula mimi, amekula Okoth. Mtazameni."

"Wewe napika sufuria mbili."

"Nina sufuria moja. Ya pili ulinyang'anya wewe mwezi jana."

Watu wachache walicheka, wakajizuia. Utachoka alikuja akijikokota, akalala kwenye kivuli cha ukuta, na kutoka nyuma yake kikamwagika kitu cha majimaji. Hakuna aliyecheka tena.

Kesho yake, Ijumaa, Baba aliitwa akaja, na Baba Mkubwa, kaka yake, akaendesha baiskeli kutoka Iyolwa. Baba Mkubwa ndiye aliyeamua mambo ya ukoo. Alikuwa na masikio makubwa na uvivu wa kuyatumia. Waliketi uani, mimi nikakaa chini karibu na mbwa. Nilikuwa nimeamua kusema. Nataka hilo lijulikane, ingawa halina faida kwa mtu yeyote. Nilikuwa nimepanga sentensi yangu: niwaambie ni mayai, nichapwe, na kwa kuwa ningekuwa nimesema kweli, Utachoka asamehewe kamba. Mama Mdogo alikuwa amenisuka nywele Jumapili iliyopita bila kunivuta hata mara moja. Nilikuwa upande wake.

Ndipo yeye akasimama na kusema, "Mchinjeni huyo mbwa. Mpasueni tumbo sasa hivi mbele ya watu, muone alichokula. Kama humo mna mboga yangu peke yake, nitaondoka kwa miguu yangu, hamtanifukuza."

Nilimsikia kwa masikio ya miaka kumi. Sikusikia mtu anayejitetea, nilisikia mwanamke anayetaka mbwa wangu achanwe tumbo akiwa hai. Nikaimeza sentensi yangu. Nikatazama mwanya wake, nikaona kweli, huyu anaweza kulisha watu sumu.

"Mnyama aliye hai hapasuliwi kwa ajili ya maneno ya wanawake," Baba Mkubwa alisema. "Tungoje mpaka Jumapili. Akifa, nitambeba mimi mwenyewe kwa baiskeli mpaka kwa daktari wa mifugo Tororo, ampasue kwa kisu chake cha serikali, atuambie mna nini. Asipokufa, tutaamua kwa haya tuliyoyaona."

Baba aliuliza kama hayo tuliyoyaona yanatosha.

"Mbwa alikula kwa mkeo, akaanguka. Wewe ulitaka aanguke nani?"

Hapo ndipo zilipoanza siku mbili ambazo, nikiulizwa kama Mama yangu aliwahi kunipenda, huwa nazitaja.

Alinivuta jikoni akanifundisha. Maji yachemke kwanza, yapoe. Chupa mbili za soda za maji, chumvi ya kubana kwa vidole vitatu, sukari ya kiganja cha mtoto. "Kiganja chako," alisema, akanimiminia sukari mkononi, akaukunja mkono wangu kwa mkono wake. Ni maji waliyofundishwa kinamama zahanati kwa watoto wanaoharisha. Asipewe chakula mpaka kesho, hata akilia. Usimmiminie mdomoni, yataingia mapafuni. Vuta shavu pembeni, lifanye mfuko, tia kijiko kimoja, ngoja ameze, hesabu mpaka ishirini, tia kingine. Nilifanya hivyo kutwa nzima. Ulimi wake ulikuwa umekauka kama ngozi ya kiatu. Ukibana ngozi ya shingo ilibaki imesimama, na Mama alikuja kila saa kuibana, akaitazama inavyorudi polepole, akasema, "Bado. Endelea."

Uharo wa Utachoka Mama aliusafisha mwenyewe. Hakuniruhusu nikaribie. "Wewe shika kijiko," alisema, "huku niachie." Mwanamke ambaye hakuwahi kumgusa mbwa ila kwa mguu alipiga magoti nyuma yake na koleo na majivu, akabeba kila kilichotoka mpaka chooni, hata usiku kwa taa. Nilijaa upendo mpaka nikalia. Nilifikiri: kumbe Mama anampenda Utachoka kama mimi.

Jumamosi Baba Mkubwa alichungulia akatoa ushauri. "Sumu dawa yake yai bichi. Mpeni yai."

Akaleta yai mwenyewe kutoka kwenye kiota, akalipasua mbele ya pua ya Utachoka. Mbwa mgonjwa ambaye kwa siku mbili hakuwa ameinua kichwa akageuza uso ukutani, akajikunja na kutoa povu la manjano.

"Hii mbwa haipendi mayai," Mama alisema. Alisema huku akinitazama mimi, si Baba Mkubwa, na mimi nilitazama kijiko.

Jioni ile alichemsha wali. Mchele kwetu ulikuwa wa Krismasi na wa wageni wa kanisa. Mama alipima vikombe viwili, akauchemsha mpaka ukawa uji, akauchuja, maji meupe yakapozwa kwenye sahani. Nyumba nzima ilinukia sikukuu. Utachoka alinusa, akaweka ncha ya ulimi. Kisha akalamba. Alilamba sahani yote, akainua kichwa, na mkia ukapiga ardhi mara moja, kama mtu anayejaribu ngoma.

"Mbwa wa hapa anakula wali," alisema Baba Mkubwa, "na mimi mkubwa wa ukoo napewa chai ya rangi."

Mama alicheka. Akanikumbatia mbele za watu, jambo ambalo hakulifanya kabla wala baada. Alinuka moshi na majivu. "Mikono yako ni mizuri," aliniambia.

Nami nilikuwa na hesabu yangu kichwani, safi kabisa. Mbwa amepona, kwa hiyo hakukuwa na sumu, kwa hiyo hakuna aliyekosa, kwa hiyo Mama Mdogo atabaki, nami sitalazimika kusema lolote kuhusu mayai. Nililala nikijiona nimeokoa wote watatu: mbwa, mwanamke na ngozi ya miguu yangu.

Jumapili baada ya ibada waliketi tena. Utachoka alipita katikati yao akitembea kwa miguu minne, amekonda, anatikisa mkia kwa kila mtu. Mama Mdogo alimtazama akipita, akaketi chini polepole kama mtu aliyeambiwa habari. Wakati ule sikuelewa kwa nini.

"Amepona," nilimnong'oneza, kumfariji.

"Nimeona," alisema. "Mmemponya."

Hukumu haikuchukua muda wa kumaliza chai. Mbwa alikula, akaanguka, akaokolewa na Mungu na mikono ya mke mkubwa, na mtu mwenye akili hangoji kulishwa mara ya pili. Mama Mdogo arudi kwao. Baba alikuwa anachora chini kwa kijiti, na aliendelea kuchora.

Aliondoka Jumatatu asubuhi. Alikuwa na begi moja na sufuria yake moja kichwani. Okoth, ambaye alikuwa anakaribia miaka miwili, alikuwa mgongoni kama kawaida. Alipofika mwisho wa ua, Baba Mkubwa alimsimamisha, akazungukia nyuma yake na kuanza kufungua fundo la kitenge, bila haraka, kama mtu anayefungua mzigo wa kuni.

"Mtoto ni wa hapa."

"Bado ananyonya," Mama Mdogo alisema.

"Kuna maziwa hapa."

Okoth akapewa Mama, Mama akanipa mimi. Alilia hata akakosa pumzi. Sikujua la kufanya, kwa hiyo nilifanya lile nililolijua: nikampeleka kwa mbwa. Utachoka alimlamba mkono wote, kuanzia kwenye kiwiko, na Okoth akakatiza kilio, akahema, akacheka. Nilifurahi sana. Nilipogeuka nilikuta Mama Mdogo amesimama barabarani anatutazama, na mtoto wake anacheka.

"Athieno," aliniita kutoka pale, sauti yake ya kawaida kabisa. "Huyo halali mpaka ashikwe sikio. La kushoto."

Alirudi mara mbili. Mara ya pili mimi ndiye niliyetumwa nikamwambie kwamba Okoth amepelekwa kwa shangazi, na Okoth alikuwa nyuma ya nyumba anacheza na matope. Mama Mdogo alinipa mkate aliomletea, mkate wa Kenya, laini, wenye karatasi ya nta. Niliula njiani kabla sijafika mlangoni. Baadaye tulisikia yuko Majanji, ziwani, anakausha samaki, kisha hatukusikia tena.

Nilibeba siri ya mayai kwa zaidi ya miaka thelathini, na nikiri kwamba ilinipendeza kiasi. Msomi bila dhambi ya utotoni ana upungufu fulani. Nilijiona ndiye mwenye kosa lote, mimi na woga wangu wa choo, na nilipata kuandika mambo mazuri ya jumla kuhusu ukimya. Mwishowe, katika likizo moja, nikaamua kuungama. Mama alikuwa ameshazeeka. Tuliketi barazani tunamenya karanga za mbegu, na mimi nikamweleza yote kwa sauti niliyoitayarisha: ungo, ghala, mayai manane, manyoya. Nilitegemea ashike kifua.

Aliendelea kumenya. "Kwani unadhani nani alifagia?" aliuliza.

Nikaacha kumenya.

"Maganda yalikuwa yamejaa. Na miguu ya vifaranga. Nilikwambia chooni, ukanipa kazi mara mbili."

"Ulijua siku ile ile?"

"Kabla sijapiga ukunga."

Karanga zilianguka kwenye ungo, moja, moja. Nilimuuliza kwa nini, kama alijua, alihangaika namna ile kumtibu mbwa: sukari, mchele wa Krismasi, taa ya usiku.

"Wewe si ndiye uliyesoma," alisema Mama. "Angekufa, wangempasua. Lile jitu la Iyolwa, Baba yako Mkubwa, lingempeleka kweli Tororo. Tumboni bado yalikuwemo, kila nilipofagia nilikuwa nayaona. Ilibidi apone ayatoe yote." Akapuliza maganda ya karanga kiganjani. "Uliniogopesha mwanzoni. Nilidhani utamnywesha kwa pupa umuue. Lakini ulikuwa na mkono mzuri."

Nilihesabu tena ile hesabu yangu ya zamani, taratibu, kama mtoto anayerudia jibu alilokosea. Kama ningelala. Kama ningemimina maji kwa haraka. Kama ningekuwa mvivu siku zile mbili kama nilivyokuwa mvivu ile asubuhi moja, mbwa angekufa Jumamosi, kisu cha daktari kingefanya kazi yake, na fundo la kitenge lisingefunguliwa na mtu.

"Na Mama Mdogo?" nikauliza.

"Alikuwa kijana. Angeweza kuzaa mwingine," alisema Mama. "Mimi nilikuwa nimekwisha kuambiwa siwezi."

Okoth alitokea shambani na gunia lingine begani, akalitua, akajipangusa shingo. Ana mvi sasa kwenye ndevu, na yeye ndiye aliyebaki kumtunza Mama wakati sisi tuliosoma tunatuma salamu. Aliinama, akamfunga Mama vizuri shuka miguuni, akamuuliza kama amekunywa dawa.

"Bado, baba," alijibu Mama, na kumsogezea nafasi kwenye mkeka.

"Mnaongea nini mpaka karanga haziishi?"

"Mbwa," alisema Mama.

"Mbwa gani?"

Mama aliniinulia macho. Hakuwa ananiomba chochote. Alikuwa ananitazama kama alivyotazama ngozi ya shingo ya Utachoka, kuona kama itarudi.

"Wa zamani, ulikuwa mdogo," nikamwambia Okoth, nikachukua karanga nyingine. "Aliumwa tumbo. Akapona."